Ndege wa Gurudumu la Kulia

Igogo, Mwanza
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kabula mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya bodi ya Mafiga, miguu nimeining'iniza nje, na mdogo wako Lameki amelala kwenye gunia nyuma yangu. Wewe umeenda Buhongwa kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia mpaka jua lishuke. Ziwa limetulia. Kule mbali wadudu wa ziwa wamesimama angani kama moshi, kama kuna mtu anapika juu ya maji. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza ni nani anapika kule? Nikakujibu ni mama mmoja mwenye watoto wengi kuliko mimi, na hajawahi kuwaita wakachelewa. Sijui niliyatoa wapi maneno yale. Ulikuwa unayaamini, nami nikiyasema nilikuwa nayaamini.

Habari za sabuni, chandarua na mahali pa kuficha ufunguo wa tranka sitaziandika. Bibi yako atakuwa amezimaliza zote, na zile za kukutia aibu pia. Mimi nina jambo moja tu, na wiki nzima nimelizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Barua hii nitaiweka chini ya sare zako. Utaikuta ukifika Tabora, mahali ambapo huwezi kunitazama usoni. Mama yako ni mwoga, Kabula. Tuanzie hapo.

Mafiga aliingia nyumbani ukiwa na miaka saba. Ni wakati ule maduka yameanza kujaa, watu wanauza chochote kinachouzika, na huku viwandani wanapunguza wafanyakazi. Mjomba wako Masanja alipopunguzwa kule kwenye pamba, wenzake walifungua vibanda. Yeye akarudi na pikipiki ya matairi matatu, ya mtumba, yenye sauti ya mtu mzima anayekohoa. Watu walitoka ndani kuitazama. Bibi yako akaizunguka, akahesabu matairi kwa kidole, akasema, "Haya sasa, mmeniletea mafiga bila chungu." Jina likabaki.

Mjomba wako akaona bodi ni ndogo, akampelekea Fundi Ochieng' pale Buzuruga aiongeze. Fundi akachomelea bati refu mpaka nyuma, likashuka likafunika kila kitu. Tukashangilia. Hakuna aliyeuliza bati lile limefunika nini. Miezi michache baadaye mjomba wako akasikia habari za dhahabu ya Geita, akaniwekea ufunguo mkononi, akasema, "Dada, nitunzie." Ndivyo nilivyokuwa dereva. Baba yako yuko visiwani na dagaa, anarudi siku za mbalamwezi wakati dagaa hawavuliki, na mbalamwezi hailishi mtu mwezi mzima.

Basi nikabeba mapanki. Wenzetu wa ng'ambo wanakula minofu ya sangara, sisi kiwanda kinatuachia vichwa na mifupa, nami nikawa nawapelekea kina mama wa kukaanga mpaka Buhongwa. Unakumbuka walivyokuwa wakinipigia kelele pale kwenye mizani? "Mama Kabula, siku hizi umeolewa na pikipiki!" Nami nikawajibu, "Angalau huyu nikimpaka mafuta ananyamaza. Wa kwako unampaka nini?" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wewe ulikuwa juu ya mzigo, unacheka bila kujua unachocheka.

Ila Mafiga hakuwa ananyamaza. Upande wa kulia nyuma alikuwa analia. Twi, twi, kila tukipita kwenye shimo. Wewe ndiwe uliyeniambia kuna ndege mle.

"Mama, ndege ana kiu."

"Ndege gani?"

"Wa gurudumu la kulia. Anasema ana kiu, wewe husikii?"

Nilimpelekea Fundi Ochieng' ndege wako. Akainama, akatuonyesha sehemu za kutia grisi. Alitaka kuzitaja kwa jina, akanitazama, akamtazama na Lameki… hapana, Lameki alikuwa bado hajazaliwa. Alinitazama mimi tu, akaona haya. "Shemeji, hizi… hivi vichwa vidogo hivi." Mimi nikamwambia, "Sema chuchu, fundi, nimeshanyonyesha." Akacheka mpaka akadondosha spana. Ziko nne. Mbili mbele, moja nyuma kushoto, zote unazifikia ukiwa umechuchumaa. Ya nne, ya kulia, iko mahali pale mkono wa chuma wa tairi unapoungana na chesisi, na lile bati la bodi ndilo lililoifunika. Kwa juu huioni. Kwa chini kuna upenyo kati ya chesisi na bomba la moshi, na mkono wa mtu mzima unaishia kwenye kiwiko. Fundi alijaribu, mimi nikajaribu. Halafu wewe ukalala chali kwenye gunia bila kuambiwa, ukapeleka mkono juu, macho umeyafumba.

"Nimemshika," ukasema. "Ana kichwa kidogo kama cha kunguni."

Tangu siku ile kazi ile ikawa yako. Kila Jumapili baada ya kanisa, na wakati wa mvua mara mbili kwa wiki. Kwanza unaifuta na kitambaa kwa kupapasa, maana ukitia grisi juu ya uchafu unausukuma mchanga ndani. Kisha unashika mdomo wa pampu, unaukaza mpaka ung'ate. Mimi niko nje, nimeshika mpini.

"Imeng'ata?"

"Imeng'ata."

"Nipige?"

"Piga."

Nami napiga, na wewe unasubiri huko gizani mpaka grisi chafu itoke pembeni na ile mpya ianze kuonekana kwenye vidole vyako, ndipo unasema, "Ameshakunywa." Unatoka na mkono mweusi mpaka kwapani. Nikikuosha kwa mafuta ya taa, ulikuwa unasinzia umesimama. Siku zile zinanijia sasa kama nilikuwa nimezilala, sikuziishi. Jua juu ya mawe, maji yanametameta, wewe unasinzia, na harufu ya mafuta ya taa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilikuwa nimechoka mpaka kwenye nywele, na sikujua kwamba nilikuwa na furaha.

Sasa nifike kwenye makosa yangu.

La kwanza unalijua nusu. Ulikuwa na miaka tisa. Grisi iliisha siku ya Jumamosi, na mwenye duka wa Mirongo nilikuwa nimetoka kwake asubuhi, nikaona uvivu kurudi. Ndani tulikuwa na ndoo ya mafuta ya sangara, yale tunayoyachemsha kutoka kwenye matumbo. Asubuhi yanaganda, yanakuwa meupe, mazito, mazuri kuyatazama. Nikajiambia, grisi ni mafuta, na haya ni mafuta. Nikajaza pampu. Kabula, yaliingia kama uji! Pampu haikukwama hata mara moja. Ndege akanyamaza siku hiyo hiyo. Nikajiona mimi ndiye fundi, na Ochieng' anajisumbua.

Siku ya tatu paka wakaanza kutufuata. Kwanza wawili, halafu tukifika Mirongo wakawa sita, wamejipanga nyuma ya tairi la kulia, mikia juu. Ukasema, "Mama, tuna harusi." Mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka kibandani, "Mama, umebeba maiti ya nani?" Tukacheka njia nzima. Siku ya tano wakaja sisimizi. Na mimi nilijua. Hilo ndilo usilolijua. Joto la injini lilikuwa limeyayeyusha, yametiririka yote, na mle ndani chuma kilikuwa kinasuguana na chuma. Nilimsikia ndege akianza tena, kwa sauti nyingine, ya ukavu, na nikasema Jumapili si mbali.

Kwenye mteremko wa Mkolani, tukiwa na mzigo kamili na wewe juu yake, pini ya ule mkono wa chuma ikakatika. Tairi la kulia likalala ndani, Mafiga akaegemea, akaanguka taratibu kama ng'ombe anayepiga magoti. Unanikumbuka nikikimbia. Umewasimulia watu wengi, mpaka bibi yako, jinsi mama alivyoruka akakimbia. Mimi nimekuacha usimulie hivyo miaka yote hii.

Nilikimbilia pikipiki.

Petroli ilikuwa inamwagika, nikakimbia kufunga koki, nikaweka bega nikijaribu kuiinua, napiga kelele nikiita watu waje waisaidie. Waisaidie, nilisema hivyo. Ndipo nikakumbuka kwamba nimezaa. Nilipogeuka ulikuwa umelala kwenye majani kando ya barabara, mapanki yamekuzunguka, mkono wako wa kulia umechanika, na unatazama juu kwa utulivu kama mtu aliyelala kitandani kwake.

"Mama," ukasema, "ndege ameruka."

Lile kovu lililo chini ya kiwiko chako, watu wakikuuliza, waambie ni mafuta ya sangara. Lakini wewe mwenyewe ujue kwamba kati ya kuanguka kwako na kufika kwangu palikuwa na nafasi, na katika ile nafasi nilikuwa nimeshika chuma.

Niliapa pale pale barabarani kwamba halitatokea tena. Na halikutokea, kwa namna ile. Ndiyo maana kosa la pili lilinipita bila kulitambua. Lilikuja na sura nyingine.

Unajua habari ya barua yako ya shule. Unajua ilichelewa, ndiyo maana utafika wiki moja baada ya wenzako, wakati vitanda vimeshagawanywa. Umewalaumu watu wa posta. Ukamlaumu na mwalimu wako, ukasema huenda aliisahau mezani. Nami nilikuwa nasonga ugali, nimekupa mgongo, nikasema, "Ndivyo walivyo."

Kabula, barua haikuchelewa. Mwalimu wako alinisimamisha njiani siku ile ile aliyoipata. Alikuwa anahema, alinikimbilia. "Mama Kabula, hongera! Amechaguliwa, bweni, Tabora!" Akanishika mikono yote miwili. Nikamshukuru. Nikaichukua bahasha, nikafungua boksi la spana chini ya kiti cha Mafiga, nikaiweka humo, chini ya kitambaa. Ilikaa humo siku kumi na moja.

Nimejaribu kutafuta sababu nzuri ya kukuandikia hapa. Ningesema nilikuwa nakuogopea mbali, au nilikuwa nasubiri baba yako arudi tushauriane. Siku ya kwanza nilijiambia hayo. Lakini mimi mwenyewe nilikisikia nilichokiwaza pale barabarani, mwalimu akiwa bado amenishika mikono. Niliwaza, nani atamfikia yule wa kulia?

Umefaulu, mtoto wangu, wewe peke yako kwa mtaa mzima, na mama yako akawaza mkono wako.

Siku kumi na moja nilikuwa naendesha nikiwa nimeikalia. Niliisikia. Karatasi haina uzito lakini niliisikia kama jiwe chini ya godoro. Nilikuwa nakutazama ukienda kuteka maji na kurudi, unaimba, na kila jioni unauliza, "Mama, hawajaleta?" Na mimi, "Bado."

Halafu ikaja ile Jumapili. Ulitandika gunia, ukalala chali, ukapeleka mkono juu kama siku zote. Nikashika mpini, nikasubiri.

"Imeng'ata?"

Miguu yako ikajikunja.

"Kabula, imeng'ata?"

"Mama, hauingii."

"Geuza kiganja."

"Nimegeuza. Hauingii, mama. Mkono umekuwa mkubwa."

Ukavuta, ukakwama, ukavuta tena, ukatoka na kiwiko kimechubuka, damu na grisi pamoja. Ukaanza kucheka. Ulilala pale chini ukicheka, ukaunyoosha mkono wako juu na kuutazama, umeuinua kwenye mwanga kama kitu ulichookota. Nami nikauona. Ulikuwa mkono wa mwanamke. Sijui ulikua lini. Nilikuwa hapo hapo nimeshika mpini, na sikuuona ukikua. Nilikuwa nimekuzuia kwa ajili ya mkono wa mtoto ambaye alikuwa ameshaondoka zamani.

Nikafungua boksi la spana kutafuta kitambaa cha kukufutia damu. Vidole vikashika bahasha. Nikakupa. Nikasema, "Imefika leo." Ile alama ya dole gumba nyeusi iliyo pembeni, ambayo uliisugua na mkate ikakataa kutoka, ni dole langu. Usiisugue tena.

Niliyoyafanya baada ya hapo ni machache. Jumatano nilienda kwa mwalimu wako, nikamweleza. Akasema, "Nilijua. Nilikuona ulivyoishika." Halafu akaniletea chai. Ni yeye aliyeandika kule shuleni wakutunzie nafasi. Ukimwandikia, na umwandikie, usimwombe radhi kwa ajili yangu. Mimi nimeshaomba. Mshukuru tu.

Alhamisi nikaenda Buzuruga. Nikamwambia Fundi Ochieng', mtoto anaondoka, na mkono wangu haufiki, sijui nitafanyaje. Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri.

"Shemeji, si tunatoboa bati tu?"

"Kutoboa?"

"Hapa." Akachora duara kwa chaki ndani ya bodi, juu ya mahali penyewe. Akachukua tindo na nyundo. Kabula, sikumaliza kumnyonyesha Lameki upande mmoja, kazi imekwisha. Akalainisha kingo kwa tupa, akatengeneza kifuniko kutoka kwenye kopo la maziwa, skrubu mbili. Nikachungulia. Alikuwa pale chini, ndege wako, kichwa kidogo kama cha kunguni, shingo yake inang'aa kwa grisi ya mikono yako. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona kwa macho.

"Mbona hukusema siku zote hizi?" fundi akauliza. "Nilidhani mnapenda hivyo."

Miaka saba umelala chali juu ya mawe kwa sababu mimi sikuuliza. Na sikuuliza kwa sababu nilikuwa na wewe. Ukiwa na mkono unaoingia, hutafuti tundu. Hilo ndilo nililojifunza, na limekuja limechelewa kwako, lakini nakupa hivyo hivyo. Kule unakokwenda, na baadaye katika nyumba yako na katika kazi yako, watakuwepo watu watakaokupenda kweli kabisa na bado wakapenda zaidi pale mkono wako unapofika. Mimi nilikuwa mmoja wao. Wasaidie, sikukatazi, nimekulea usaidie. Ila uwaulize kuhusu bati. Na siku ukiona mtu amelala chini kwa ajili yako, hata kama anacheka, hata kama anasema amezoea, inama umtazame mkono.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Utakaporudi likizo utanitazama, nami nitakutazama, na tutajua. Ukikasirika, kasirika. Usinifichie kwenye boksi la spana.

Asubuhi ya leo ulipokwenda Buhongwa, nilimtilia grisi peke yangu kwa mara ya kwanza. Nilifungua kifuniko, nikafuta, nikaukaza mdomo wa pampu kwa mkono wa kushoto, mpini nikaubana kwa goti. Na kinywa changu, kwa mazoea tu, kikasema, "Imeng'ata?" Nikasikia ziwa likigonga mawe. Nikangoja muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Kisha nikajijibu mwenyewe.

Lameki alikuwa amekaa pembeni ya lile tundu, anachungulia. Akapeleka kamkono kake ndani. Kaliingia kote mpaka begani, bila kugusa kingo. Kabula, nilisimama nikautazama mkono ule, na sitakudanganya, moyo wangu ulifanya hesabu yake ya zamani. Mara moja tu, kama jicho linavyopepesa. Nikamtoa, nikamfuta vidole, nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu zote mbili mpaka mwisho.

Mama wa kule ziwani bado anapika. Moshi wake unasogea polepole kuelekea Ukerewe. Kivuli cha mwamba kimeshanifikia magotini, na namwona mtu mwenye kanga yako anashuka njia ya juu, anatembea kama hana haraka, mkono mmoja amebeba kuku wa bibi yako kichwa chini. Nimalizie kabla hujafika.

Utakapokuwa unaisoma hii nitakuwa nimeshakupeleka stesheni, tranka nyuma, wewe juu yake kama zamani. Sitakuwa nimesema neno. Kwa hiyo kumbuka ile njia. Kumbuka tulivyopita kwenye mashimo ya Igogo, na lile kubwa karibu na reli, na ujaribu kukumbuka ulisikia nini upande wa kulia.

Hukusikia kitu. Ameshakunywa, mwanangu. Wewe nenda.

Mama yako